Kombe Tupu, Nyumba Kamili: Samaki wa Tanganyika Katika Tangi la Nyumbani

Wazee wetu walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tumezoea kuitumia methali hii kwa watu, tukimwonya kijana asihadaike na sura ya mchumba wala kanzu ya rafiki. Lakini yuko samaki mmoja ambaye methali hii inamwelekea sawasawa, kana kwamba wahenga walimtungia yeye. Mlango wa nyumba yake ni tundu lenye upana wa sarafu ya shilingi. Nyumba yenyewe ni kombe la konokono aliyekufa zamani, limelala mchangani chini ya ziwa. Na humo ndani mna chumba cha kulala, ngome ya kujikinga na adui, na ukumbi wa uzazi, vyote pamoja.

Samaki huyu si wa bahari yetu. Kwao ni Ziwa Tanganyika, na wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani wamekuwa wakimfuga sebuleni mwao kwa miaka mingi. Mtu wa pwani akitaka kumfuga atakuta kwamba hali yetu ya hewa, na hata jiwe lililojengea nyumba zetu, ni msaada kwake.

Makala haya yana mambo mawili. La kwanza ni kumweleza msomaji namna ya kumjengea samaki huyu makazi katika tangi la kioo. La pili ni swali ambalo halina budi kuulizwa kabla hata ya kulinunua hilo tangi: tuna haki gani ya kumfungia kiumbe wa Mungu ndani ya vioo vinne ili tu tumtazame?

Birika la Lamu

Wako watakaosema kwamba kufuga samaki nyumbani ni mambo ya kizungu. La hasha. Atakayeingia katika nyumba za kale za mawe za Lamu ataonyeshwa birika la maji chooni, na ataambiwa kwamba humo waliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Tena ataonyeshwa jambo la kupendeza zaidi. Chini kabisa, katika sakafu ya birika, waashi walijengea bakuli la Kichina. Kazi yake ilikuwa nini? Siku ya kusafisha birika, maji yakishatolewa yote, lile bakuli lilibaki limejaa, na samaki wakakusanyika humo wakasubiri maji mapya. Hakuna aliyewashika, hakuna aliyekufa.

Hebu tulifikirie bakuli hilo. Mwenye nyumba alikuwa akimtumikisha samaki, kweli, lakini alimjengea mahali pake tangu nyumba ilipokuwa ikijengwa. Alijua kwamba siku ya dhiki itakuja, akamwekea akiba ya maji. Huo ndio ufugaji. Mwingine wote, wa kumtia samaki katika chupa ya duara isiyo na hewa wala kivuli, ukamweka juu ya meza mpaka afe wiki ya pili, ni uonevu tu uliovikwa nguo ya starehe.

Na dini yetu haikulinyamazia jambo hili. Wengi wetu tulisoma chuoni habari za mtoto Abu Umayr, ndugu yake Anas bin Malik, aliyekuwa na kijindege cha kuchezea. Kijindege kilipokufa, Mtume (S.A.W.) alimuuliza habari zake kwa upole na kumliwaza. Wanazuoni wakachukua humo dalili ya ruhusa ya kufuga ndege, madamu hateswi wala hapuuzwi. Na upande wa pili tunaijua habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutie mwenyewe. Basi mpaka uko wazi baina ya habari hizi mbili. Kufuga kunaruhusiwa, lakini aliyefungiwa ana haki juu ya aliyemfungia.

Kwa hiyo mwenye akili humchagua kiumbe ambaye ulimwengu wake anaweza kuujenga. Papa ulimwengu wake ni bahari nzima, na hakuna sebule itakayomtosha. Lakini yuko samaki ambaye tangu kuzaliwa hadi kufa hapendi kwenda mbali na kombe lake, na hata ziwani penyewe, penye maji yasiyo na mwisho, huishi juu ya kijipande cha mchanga akakilinda kama shamba la urithi. Huyo tangi dogo lililojengwa vyema si gereza kwake.

Ziwa na makombe yake

Ziwa Tanganyika ni refu mno, kiasi cha kilomita 670 kutoka kaskazini hadi kusini. Kina chake kinafika mita 1,470, nalo kwa kina ni la pili ulimwenguni baada ya Baikal ya Urusi. Umri wake unahesabiwa kwa mamilioni ya miaka. Nchi nne zinalizunguka: Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwetu pwani tunalijua kwa dagaa wa Kigoma, na wazee wetu walilijua kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, ambako Kiswahili kilifika kikakaa.

Ni njia hiyo hiyo waliyoifuata Waingereza Burton na Speke, wakiongozana na watu wa nchi hizi kama Sidi Mubarak Bombay, wakafika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Speke alikusanya makombe ya ziwa hilo, na mwaka 1859 mtaalamu S. P. Woodward aliyaeleza makombe hayo huko London. Kombe lenye habari yetu, la konokono aitwaye kwa Kilatini Neothauma, lilielezwa mwaka 1880. Ni kombe la mviringo, lenye tumbo kubwa na mlango mpana, na hufikia sentimita 6 hivi, yaani kama yai la kuku.

Maji ya Tanganyika yana chokaa nyingi, kwa hiyo konokono akifa kombe lake haliyeyuki upesi kama lingaliyeyuka katika maji mepesi. Hubaki. Mengine hubaki mamia ya miaka. Yakajilimbikiza, kizazi juu ya kizazi, mpaka sehemu kubwa za sakafu ya ziwa zikawa zimetandikwa makombe matupu kama mji uliohamwa na wenyewe.

Na mji uliohamwa haukosi wa kuhamia. Penye mchanga mtupu hapana mwamba wa kujifichia, na samaki mdogo ni riziki ya kila mwenye meno. Jamaa moja ya samaki, ambao ni nasaba moja na ngege na perege tunaowala, wakaingia katika makombe hayo wakayafanya makao. Ni ajabu ya ukoo huu kwamba katika ziwa hilo hilo anaishi kuhe, ambaye ni miongoni mwa wakubwa wao kabisa ulimwenguni, na pia wanaishi hawa wa makombe, ambao ni miongoni mwa wadogo kabisa.

Wako wa namna nyingi, na kila mmoja ana dasturi yake. Wa kwanza, ambaye wataalamu humwita Neolamprologus multifasciatus, alielezwa na Boulenger mwaka 1906. Ana milia myembamba ya kahawia mwilini, na dume hafiki zaidi ya sentimita 5, jike ni mdogo kuliko hapo. Hawa huishi kwa ukoo. Baba, mama, wake wenza na watoto wa vizazi mbalimbali hukaa jirani, kila mkubwa na kombe lake, wakauchimba mchanga kwa midomo mpaka makombe yakabaki wazi katika shimo kama mtaa wenye nyumba zilizobanana.

Wa pili ni Lamprologus ocellatus. Ana macho makubwa na doa jeusi lenye ukingo unaong'aa kwenye kifuniko cha shavu. Huyu hapendi ujirani. Kila mmoja ana kombe lake peke yake, na akilipata hulifukia. Huchimba mchanga chini yake, akiubeba mdomoni funda baada ya funda, mpaka kombe likadidimia. Kisha hulifunika, akaacha mlango tu uko sawa na uso wa mchanga. Adui apitaye juu haoni nyumba wala mwenye nyumba.

Wa tatu, Neolamprologus brevis, mume na mke huweza kukaa katika kombe moja. Na wa nne, Lamprologus callipterus, ni tajiri dhalimu. Dume lake ni kubwa, uzito wake hupita wa jike mara 12 au zaidi, na hukusanya makombe kwa mdomo akayafanya chungu, majike wakaja kutagia humo. Wala haoni haya kuyapora ya jirani, mara nyingine na mwenyewe akiwamo ndani. Huyu hafai kwa tangi dogo. Mwenye kuanza na aanze na wa kwanza au wa pili.

Kuijenga nyumba

Tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 linatosha. Litachukua lita 54, nazo ni kilo 54 za maji pekee kabla ya kuhesabu mchanga na kioo. Kwa hiyo usiliweke juu ya kijimeza cha maua. Tafuta meza imara iliyo sawa, mbali na dirisha lenye jua, kwani jua huzidisha joto na kuotesha ukungu wa kijani. Juu yake pawe na kifuniko.

Baada ya tangi, mchanga. Huu ndio kila kitu kwa samaki wa kombe, kwani kuchimba ndiyo kazi yake usiku na mchana, na ukimnyima mchanga umemnyima maisha. Uwe laini, wenye kina cha sentimita 5 au zaidi. Mchanga wa mto unaouzwa kwa wajenzi unafaa, ukichekechwa na kuoshwa tena na tena mpaka maji yake yatoke meupe. Changarawe haifai, maana hawezi kuibeba mdomoni wala kombe haliwezi kuzama ndani yake.

Kisha makombe yenyewe. Ya Neothauma yatoka mbali, lakini samaki hana ubaguzi, madamu nyumba ni pana, laini ndani, na mlango unamtosha kuingia na kugeuka. Kwa upande wetu wa pwani mkono huwa mwepesi kwenda ufuoni. Hapo pana mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, sheria inakataza kuokota makombe katika hifadhi za bahari kama za Watamu, Malindi, Mombasa na Kisite. Pili, kombe unalolidhania tupu huenda lina mwenyewe, kwani wako kaa wanaoishi katika makombe ya kuhamia, na ukimnyang'anya nyumba mmoja ili umpe mwingine hukufanya wema wowote. Bora kuliko hayo ni makombe matupu ya konokono wa shambani, yale madogo madogo yaonekanayo bustanini baada ya mvua, yenye kiasi cha yai la kuku au pungufu kidogo. Yachemshe, yasugue ndani na nje, yaanike. Weka matatu kwa kila samaki, maana penye nyumba za kuchagua ugomvi hupungua.

Sasa tufike kwenye maji, na hapa ndipo pwani inapojidai. Maji ya Tanganyika ni magumu, yaani yana madini mengi na sabuni haitoi povu upesi ndani yake. Tena ni ya alikali: kwa kipimo kinachoandikwa pH, hufika kati ya 8.5 na 9. Maji ya mvua ya jabia ni laini mno, na peke yake hayafai. Maji ya visima vilivyochimbwa katika jiwe la tumbawe yana chokaa, ila chunga sana yasiwe ya chumvi, kwani mengi ya visima vya karibu na bahari yameingiliwa, na ugumu wa Tanganyika si chumvi ya bahari. Maji ya mfereji nayo hufaa yakikaa katika ndoo wazi siku moja ili dawa ya klorini itoke. Kuyaongezea ugumu, chukua vipande vya jiwe la tumbawe, lile lile la kujengea, uvioshe vyema na kuviweka katika mfuko wa wavu kando ya tangi. Vitayeyusha chokaa polepole. Usimwage magadi kwa kukisia, kwani mabadiliko ya ghafla huua kuliko kasoro ya daima. Duka la samaki wa mapambo huuza vijikaratasi vya kupimia. Vinunue, uvitumie.

Joto linalomfaa ni nyuzi 24 hadi 27. Mfugaji wa Nairobi atahitaji hita ya umeme. Wa Mombasa shida yake ni kinyume: katika kaskazi, hasa Februari na Machi, chumba chaweza kupita nyuzi 30, na maji ya moto hushika hewa kidogo. Liweke tangi katika chumba cha baridi, funua kifuniko ukifunike kwa wavu, na elekeza feni ipulize juu ya uso wa maji. Hilo hushusha joto kiasi cha kutosha.

Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa linatosha kabisa, nalo lina fadhila moja kubwa: halivuti watoto wachanga likawameza. Umeme ukikatika, kama ujuavyo unavyokatika, teka maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu mara kwa mara ili yachanganyike na hewa, au uwe na pampu ya betri kama akiba. Hilo ndilo bakuli lako la Kichina.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu

Tangi limejaa, maji yameng'aa, makombe yamelala juu ya mchanga. Mkono unawasha wa kwenda kununua samaki. Ngoja.

Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula huzaa sumu iitwayo amonia. Katika ziwa kubwa haionekani, katika lita 54 inaua. Mungu amejaalia bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo. Bakteria hao hawapo katika tangi jipya. Huota polepole ndani ya sponji na juu ya mchanga, nao huchukua wiki 4 hadi 6. Siku hizo tangi liendeshwe bila samaki, ukitia chembe ndogo ya chakula kila siku ili ioze na kuwalisha. Anayefuga samaki wa Tanganyika hana ruhusa ya kuruka hatua hii, kwa sababu katika maji ya alikali amonia huwa kali zaidi kuliko katika maji mengine. Maji yale yale yanayompa samaki uhai humwadhibu mfugaji mwenye haraka.

Kipimo kikionyesha kwamba amonia na nitriti zimekwisha, ndipo wageni wakaribishwe. Wa milia waletwe 6, wajichagulie majirani. Wa kufukia kombe walete dume 1 na jike 1 au 2, basi. Usiwachanganye wote katika tangi moja la kiasi hiki, watagombana. Na ukiona wamejificha siku mbili tatu usilitikise kombe kuwatafuta. Mgeni hapigiwi hodi katika chumba alicholala.

Kisha siku ya tatu au ya nne utaona ajabu. Makombe uliyoyapanga kwa mapenzi yako hayako ulipoyaweka. Moja limesogea, jingine limezama, chungu ya mchanga imeota pembeni ambapo jana hapakuwa na kitu. Samaki wa urefu wa kidole cha mtoto amelikataa ramani lako akachora lake. Mwache. Mjenzi ni yeye, wewe kazi yako ilikuwa kuleta vifaa.

Riziki, maji na uzazi

Ziwani hawa hula vijidudu vinavyoelea majini. Kwa hiyo chakula chao kiwe kidogo kidogo, mara mbili kwa siku, kiasi cha kumalizika katika dakika mbili. Chembe za duka zilizosagwa hufaa. Watoto wa artemia, kijikamba cha maji ya chumvi, ni bora zaidi. Na vile viluwiluwi vya mbu vya birika la wazee havijapoteza utamu wake, madamu vimetoka katika maji safi na umehakikisha vinaliwa vyote kabla havijaruka.

Kila wiki toa robo ya maji uweke mapya yenye joto na ugumu ule ule. Sponji ioshe katika maji uliyoyatoa tangini, si ya mfereji, ili usiwaue wale bakteria uliowangojea mwezi mzima.

Ukiyafanya hayo, huna haja ya kuwahimiza wazae. Jike huingia ndani kabisa ya kombe akataga mayai machache, dume akayarutubisha akiwa mlangoni. Mama hukaa humo akipunga mapezi kuyapelekea maji yenye hewa. Baada ya wiki moja na siku kadhaa utaona mlangoni vichwa vidogo kama punje za uwele, vikichungulia na kurudi. Hao wa milia hawawafukuzi watoto wao. Kizazi cha kwanza kitakuwapo wakati wa cha pili na cha tatu, wote katika mtaa mmoja, na mama wa sentimita 3 atakushambulia mkono ukiutia tangini. Usicheke. Katika macho yake wewe ndiwe papa.

Amana ya ziwa

Tangu miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipokuwa akiwasafirisha samaki wa mapambo kutoka Burundi, samaki wa Tanganyika wamekuwa bidhaa ya kimataifa. Lakini hawa wa makombe wanazaana kwa urahisi hivi kwamba hapana sababu ya kumwomba mtu awachote ziwani. Nunua waliozaliwa tangini, kwa muuzaji mwenye kibali, na umwulize bila haya walikotoka.

Ziwa lenyewe lina majonzi yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kuzidi kwa joto la dunia kumepunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na yale ya chini yenye rutuba, na rutuba isipopanda chakula cha samaki hupungua. Vilima vinavyokatwa miti vinateremsha tope wakati wa mvua, na tope likitua juu ya makombe, nyumba huwa kaburi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani humo kwa miezi mitatu, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kupumua. Wavuvi waliokaa nyumbani siku hizo walilipa gharama kubwa kuliko mfugaji yeyote wa sebuleni.

Na upande wa pili wa amana ni huu: samaki wako wakizidi, au ukichoka nao, usiwamwage mtoni wala kisimani kwa kudhani umewapa uhuru. Afrika Mashariki inalijua funzo hili. Sangara, ambaye wengine humwita mbuta, alitiwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na namna nyingi za furu zilizokuwa humo tangu enzi zikatoweka. Mpe jirani, mrudishie muuzaji, au punguza chakula na idadi kwa busara. Lakini mto si wako.

Nami kwa kuwa ukurasa huu haujazoea kuagana bila ya beti, naweka hii moja:

Kombe hili japo dogo, kwake jumba la fahari,
Hulilinda bila zogo, saa zote yu tayari,
Ewe mwenye huu mfugo, mtunze kwa tahadhari,
Ni amana si mzigo, na mwisho wake ni kheri.

Basi ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha yako, jipime kwanza. Je, utangoja wiki 6 ukitazama tangi tupu? Je, utabadilisha maji hata wiki ya Idi, wageni wakiwa wamejaa nyumbani? Ukisafiri, yuko wa kuwalisha? Kama jibu ni ndiyo kwa yote, karibu. Kama ni la, acha, wala hapana aibu, kwani aliyejua uwezo wake akamwacha kiumbe kwao amefanya hisani pia. Mafundi waliojenga mabirika ya Lamu hawakuwa na vipimo vya pH wala pampu ya umeme. Walikuwa na jambo moja tu: walipoweka samaki ndani ya nyumba, walimfikiria siku ambayo maji yatatolewa.